Simu Ilisema Hajabaki Mtu Kivukoni

Wapendwa wa grupu, ile picha mnayorushiana ni yangu, sikatai. Ni mimi Skolastika, mwalimu mstaafu wa historia na Kiswahili, mwenye miaka sitini na miwili na goti moja zima, nimesimama ndani ya mto Kilombero, maji kiunoni, mkono mmoja umeinua simu juu kama waziri anayeapishwa. Sikuwa nabatizwa upya. Mmeniuliza kwa sauti za dakika tatu tatu, na mmoja wenu alinifuata mpaka kanisani akaninong'oneza wakati wa matoleo. Kwa hiyo nasimulia hapa, mara moja, hatua kwa hatua, na mwenye kucheka acheke.

Kwanza mjue nilifuata nini. Kuna kampuni moja ya vijana, Dar es Salaam, iliyotengeneza mwongozo wa simu kwa wageni wanaotembelea maeneo ya kale. Ukifika mahali unaelekeza kamera, na kwenye kioo unaona watu wa zamani wamesimama palepale, wanatwanga, wanabeba mizigo, wanazungumza nawe. Wenyewe wanaita uhalisia ulioongezwa. Niliwauliza huu tulio nao umepungukiwa nini hata uongezwe, wakacheka kwa adabu, wakaniomba niandike maneno ambayo watu hao wa kwenye kioo wangeyasema.

Nikaandika. Nilikuwa Morogoro, mezani kwangu, na mafungu ya karatasi waliyonitumia, na huzuni yangu mwenyewe ya akiba. Bonde la Kilombero sikuwahi kulikanyaga, lakini nililiandika kwa machozi. Wakafurahi sana. Zikiwa zimebaki siku tatu kufikia uzinduzi wa Ifakara, wakaniomba niende kusikiliza kama maneno yangu "yanakaa". Mambo ya vibali na barua nayaruka, hayana ladha.

Morogoro hadi Kidatu

Nilisafiri na Danford wa kampuni ile, mtu wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye kitambi cha ofisini. Ndiye aliyeendesha gari. Cheo chake ni Meneja wa Hisia za Mgeni. Nilimwomba arudie nikidhani sikusikia vizuri, akarudia, na ni hivyo hivyo.

Tulipopita hifadhini Mikumi, twiga wawili walikuwa wamesimama kando ya barabara wakitafuna. Danford alipunguza mwendo, akawatazama, akasema, "Hapa pangefaa tuongeze wanyama."

"Na hao?"

"Hao wako mbali, mama. Mgeni anataka aone karibu."

Safari ilikuwa bado ndefu.

Kabla ya kufika Kidatu tulikuta lori la miwa limelala kwenye daraja jembamba, miwa imemwagika pande zote, na foleni imeshakuwa kijiji. Tulikaa pale saa tatu. Watu walishuka, wakachagua miwa, wakamenya kwa meno, na dereva wa lori naye akala pamoja nao kama mgeni mwingine. Mbele yetu kulikuwa na basi dogo, na ndani yake mama mmoja amepakata keki ya harusi ya ghorofa tatu, akiipeleka Ifakara. Saa ya kwanza ghorofa la juu liliinama. Saa ya pili bwana harusi wa sukari aliteleza akamwacha mkewe peke yake. Saa ya tatu yule mama alifungua mlango, akatutazama sisi sote tuliosimama juani, akasema, "Haya, njooni mle hili la juu. Likifika hivi nitapigwa mimi." Tukala kwa mikono. Danford aliniuliza kama nadhani tukio lile lingeweza kuingizwa kwenye mwongozo. Nilimwambia ameze kwanza.

Mkula

Hapa ndipo tulipokaribia kuchapwa.

Kwenye mwongozo, njia ya zamani ya wapagazi inaonyeshwa kwa nguzo za njano. Hazipo chini, zipo kwenye kioo tu. Danford aliegesha gari kando ya mashamba ya mpunga, akashuka, akaanza kutembea kwenye tuta huku simu imeelekezwa mbele, anahesabu kwa sauti: "Ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu imeingia kidogo shambani."

Wanawake waliokuwa wanapalilia wakainua vichwa. Mmoja akaja, jembe mkononi, matope mpaka magotini.

"Habari za saa hizi. Mnapima nini?"

"Hatupimi, mama," Danford akajibu kwa tabasamu lake la semina. "Tunahakiki alama tu. Wala hazionekani kwa macho."

Nilitamani nimzibe mdomo. Watu wa bonde lile wameshaona alama za mipaka zikisimikwa mashambani mwao, za zege, zinazoonekana. Asubuhi shamba ni lako, jioni unaambiwa uko ndani ya eneo la watu wengine. Sasa anakuja mtu kutoka Dar es Salaam na alama zisizoonekana!

"Zisizoonekana?" yule mama akauliza. Akageuka akawapigia wenzake kelele. "Jamani njooni! Sasa wanaziweka kwa siri!"

Ndani ya muda wa kumenya muwa mmoja tulikuwa tumezungukwa na watu ishirini. Danford, kwa kutaka kuwatuliza, akafanya kosa la pili: akawaonyesha kioo. Yule mama akaona shamba lake mwenyewe, mpunga wake mwenyewe, na katikati yake nguzo ya njano.

"Hii hapa! Imo ndani kabisa!" Akaingia shambani, akapapasa hewani mahali pale, akalima hewa kwa jembe. "Mbona haishikiki?"

Nikaingilia kati, kwa sauti ya darasani. "Wapendwa, hiyo ni picha tu."

Mzee mmoja aliyevaa kofia ya mkeka akanijibu taratibu, "Mwalimu, hata ramani ilianza kuwa picha."

Walitaka nguzo zifutwe mbele yao, na Danford akazifuta moja moja, huku yule mama akitembea na simu shamba zima kuhakikisha. Ya mwisho ilipotoka akarudisha simu, akaipangusa matope kwa kanga yake, akatuambia twende salama. Tulipofika Mang'ula ndipo nilipoanza kucheka, na nilicheka mpaka kijiji cha Kisawasawa. Nakiri hilo kwa sababu siku iliyofuata halikunichekesha tena.

Kiberege

Kiberege tulisimamishwa na ng'ombe. Walikuwa wengi, wanavuka barabara bila haraka yoyote, na nyuma yao Msukuma mrefu mwenye shuka la bluu na fimbo mabegani. Nilimsalimu "Mwangaluka," salamu pekee niliyoijua, na ilikuwa saa tisa alasiri. Baadaye nikaambiwa ni ya asubuhi. Aliitikia hivyo hivyo bila kunisahihisha, na akasema anaitwa Masanja.

Danford akaona nafasi. Msafara wa wapagazi kwenye mwongozo wetu unapita Kiberege palepale. Akaelekeza simu, na kweli wakaonekana: wanaume ishirini, mizigo vichwani, wanakatiza katikati ya ng'ombe wa Masanja bila hata ng'ombe mmoja kugeuka. Danford akamwita aje aone.

Masanja akainama akatazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo kutazama kwa makini.

"Hawa watu wako hawakanyagi chini," akasema.

Ni kweli. Miguu yao ilikuwa inaelea, kama kiganja kimoja juu ya lami.

"Ni suala la urekebishaji," Danford akasema.

"Kwetu mtu asiyekanyaga chini ana jina lake," Masanja akasema. "Na mbona wamebeba mizigo mizito lakini shingo hazijainama? Huyo aliyewachora hajawahi kubeba kitu." Akaenda zake, akipiga mluzi kuwakusanya ng'ombe.

Danford aliandika kwenye daftari lake: shingo. Namsifu kwa hilo.

Ifakara

Tuliingia Ifakara jua linashuka. Nataka niseme jambo moja kuhusu wali wa Ifakara, halafu niendelee. Ninyi mnaonunua mchele sokoni kwetu umeandikwa Kilombero kwenye gunia, mmekuwa mkinunua gunia. Nilikula wali mweupe na kambale wa moshi aliyeungwa kwa nazi, nikala tena, na mhudumu akaniletea ukoko bila kuombwa. Danford aliagiza chipsi. Alipoambiwa viazi vimekwisha, akashika tama kama aliyepokea taarifa ya msiba.

Mwenye nyumba ya wageni, mjane mcha Mungu, alimuuliza kazi iliyomleta. Danford akamweleza kwa unyoofu, "Tunawaonyesha watu marehemu, mama. Wanasimama mbele yako na wanaongea." Baadaye tukakuta Danford amehamishiwa chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya choo, na mlangoni pamewekwa chupa ya maji ya baraka. Mimi nilibaki chumba cha mbele. Nilimwambia mama kwamba mimi ni mwalimu tu.

Mtoni

Asubuhi tulikwenda kwenye kituo kikuu cha mwongozo, kivuko cha zamani, chini zaidi ya daraja kubwa la sasa. Zamani, kabla ya daraja na kabla hata ya pantoni, mtu mmoja aitwaye Likumbi alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi. Hapo ndipo nilipomwaga huzuni yangu nyingi kuliko mahali pengine popote.

Danford akanipa simu. "Fuata mshale, mama. Utakupeleka kwenye gati la kale."

Nikafuata mshale. Ulipita kwenye majani, ukapita mtumbwi uliopinduliwa, ukaingia majini. Nikasimama. Simu ikasema kwa sauti tamu ya binti, "Endelea mbele hatua kumi na mbili." Mto ulikuwa umehama tangu zichorwe zile ramani za zamani, na simu haikuwa na habari. Mngefanya nini? Nilitaka kumsikia Likumbi akisema maneno yangu. Nikavua viatu, nikaingia. Nyuma yangu Danford akapiga picha ya kumbukumbu.

Likumbi akatokea. Alikuwa mnene, ana ndevu nyeupe mpaka kifuani, kanzu na kofia ya kiua, amesimama juu ya maji na mikono ameikunjua. Akaanza, kwa lafudhi ya mwigizaji wa Dar es Salaam: "Hapa niliishi mimi Likumbi, mvushaji wa watu. Leo hajabaki hata mmoja wa ukoo wangu. Ni mto pekee unaonikumbuka."

Naomba mnisamehe, lakini machozi yalinitoka. Maneno yalikaa.

"We mama! Toka huko! Hapo pana mamba!"

Nilitoka kwa kasi ambayo daktari wangu wa goti asingeiamini. Aliyeniita alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkononi ana mtungo wa samaki wabichi. Alinisaidia kupanda ukingo, akaniangalia kwanza kama ni mzima, ndipo akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Asante."

"Huyo mwanamume aliyekuwa anaongea huko ni nani?"

"Ni Likumbi," nikasema, nikimwonyesha kioo. "Alikuwa mvushaji hapa. Ni historia."

Akamtazama yule mnene mwenye kanzu. Akabonyeza mwenyewe, na Likumbi akarudia yote, mpaka mwisho, mpaka mto pekee. Uso wa yule mwanamke ukabadilika.

"Nani kaiambia simu maneno haya?"

Danford akanitazama. Nikasema, "Mimi."

"Kumbe ni wewe." Akaweka samaki chini. "Mimi naitwa Adelina Likumbi. Huyo ni babu yangu mzaa baba. Yule kule anayechonga kasia ni mtoto wa baba mdogo. Kanisani kwetu Jumapili tunajaza mabenchi mawili. Maneno hayo yako nimeyasikia tangu mwezi wa tatu, na nilikuwa najiuliza, huyu aliyetumaliza wote kwa kalamu ni nani."

Akatupeleka nyuma ya kibanda chake cha kukaushia samaki. Ukutani palikuwa na alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa. Nyuma yake, chini ya mimea ya minyaa, makaburi tisa, na kwenye nguzo ya uzio wake X nyingine. Akatueleza. Mradi wa mwongozo wa simu unahitaji maegesho ya magari ya wageni. Afisa mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi na nitamwita Bwana Mipango kwa kuwa kila sentensi yake ilianza na "kwa mujibu wa mpango", alichagua eneo lile kwa sababu kwenye ramani ni wazi. Adelina alikwenda kwake mara saba kusema pale ni kwao na wazee wake wamelala pale. Kila mara Bwana Mipango alifungua maelezo ya mradi akamsomea: hajabaki hata mmoja wa ukoo wake.

"Nikamwambia, mimi si huyu hapa? Akasema, mama, nyaraka zinasema vingine."

Nguo zangu zilikuwa zinachuruzika. Nimefundisha miaka thelathini na mitano, nimesahihisha maelfu ya insha, na nimewakata watoto alama kwa kuandika wasichokijua. Sentensi ile niliiandika kwa sababu aya ilikuwa inahitaji mwisho mzuri. Hakuna karatasi yoyote kati ya zile nilizotumiwa iliyosema hivyo.

"Nitaifuta," nikasema.

Adelina akatikisa kichwa. "Usifute. Ukifuta atasema hakuna taarifa. Andika iliyo kweli. Mimi mdomo wangu hausikiki pale ofisini, lakini hicho cha simu wanakiamini."

Kibandani

Danford alikataa. Alisema kontenti imeshafungwa, mwigizaji ameshasafiri, bosi ameshaidhinisha, na mabadiliko yanahitaji kikao. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kwamba siku ya uzinduzi nitasimama mbele ya mgeni rasmi na kusema mimi ndiye mwandishi na nimedanganya.

"Mama, utaniharibia kazi."

"Hayo makaburi yakimwagiwa kokoto, hisia za mgeni zitakuwaje, Meneja?"

Alikwenda akasimama peke yake kwenye yale makaburi muda kidogo. Aliporudi alikuwa ameshatoa kipaza sauti mfukoni.

Tulirekodi alasiri yote, ndani ya harufu ya moshi na samaki. Adelina alirudia kila alipoona amekosea, mkali kwa nafsi yake kuliko mwalimu yeyote ninayemjua. Kwanza akatusahihisha: babu yake hakuwa mnene. Alikuwa mwembamba, jicho moja lilikuwa limekufa, hakuwa na ndevu, na kanzu hakuwahi kuvaa, alikuwa Mkatoliki mwenye kaptula. Alikuwa na matusi mengi. Na hakujua kuogelea.

"Mvushaji asiyejua kuogelea?" Danford akauliza.

"Alisema akijua atakuwa mzembe."

Kisha akatuambia hili, nami nililiandika neno kwa neno: "Babu hakuwapakia ndugu wawili wa tumbo moja katika mtumbwi mmoja. Hata waombe vipi. Alimvusha mmoja, akarudi kumchukua mwingine. Alisema mto ukitaka kula, usile nyumba nzima ya mama mmoja. Watu walimtukana kwa kuwachelewesha, naye aliwatukana zaidi."

Katika kurasa zangu zote za machozi hapakuwa na kitu kama hicho. Sikuuliza, ningekipata wapi?

Darajani

Kesho yake ilibidi sauti hiyo itumwe Dar es Salaam, na mtandao wa kutosha tuliupata sehemu moja tu: katikati ya daraja kubwa. Tukasimama pale juani, tumeegemea kingo, Danford amenyoosha mkono nje juu ya mto ili simu ishike vizuri, mimi nimemshika mkanda wa suruali asianguke. Asilimia kumi na moja. Kumi na mbili. Ikarudi tisa.

Lori la mpunga likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akashuka, akatukaribia polepole mikono wazi.

"Mama yangu," akaniambia kwa upole, "maisha ni magumu kwa wote. Msifanye hivyo. Huyu ni mwanao?"

Nikamweleza kwamba tunatuma faili. Hakuamini. Alisimama nasi nusu saa nzima akitusimulia shida zake ili tuone zetu ni ndogo, na kwa kweli zake zilikuwa kubwa. Ilipofika asilimia mia Danford akaruka kwa furaha, na dereva akapiga ukelele akamdaka kiunoni wakaanguka wote wawili. Ndiyo maana Danford alizindua mwongozo akiwa na plasta usoni.

Sauti ilikubaliwa. Sura haikuwezekana, walisema kuchora mtu upya ni kazi ya wiki tatu.

Uzinduzi

Mahema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, kwaya, maji ya chupa kwa walioketi mbele. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mkubwa kutoka mkoani. Pembeni yake alikaa Bwana Mipango na faili lake. Adelina alikuwa nyuma, kwenye masufuria, kwa sababu yeye na shangazi zake ndio walioombwa kupika wali wa wageni.

Danford akamkabidhi mgeni rasmi simu. Mahali pa kusimama palikuwa pamerekebishwa, hakuna aliyelowa. Mgeni rasmi akainua simu, na kwenye kioo kikubwa kilichowekwa mbele ya watu akatokea yule mzee mnene, ndevu nyeupe, kanzu, mikono ameikunjua. Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mwanamke wa Ifakara:

"Mimi ni Adelina, mjukuu wa Likumbi. Babu alikuwa mwembamba, si kama huyu mnayemwona."

Watu walicheka mpaka viti vikagongana. Kwaya nayo ilicheka. Mzee mwenye ndevu akaendelea, bila aibu, kwa sauti ile ile, akasimulia kuhusu ndugu wawili wa tumbo moja. Kicheko kikapungua. Kisha akataja makaburi, moja baada ya jingine, kila jina na mtoto wa nani, na mahali lilipo kutoka kwenye minyaa. Alipofika jina la saba hapakuwa na aliyecheka, na mama mmoja upande wa wenyeji alikuwa anaitikia kila jina kwa kugonga kifua.

Mgeni rasmi akashusha simu. "Hayo makaburi yako wapi?"

Bwana Mipango akasimama haraka. Akaipokea simu kutoka kwa mgeni rasmi, akarudisha maelezo nyuma, akasikiliza tena kwa sikio moja, akaandika. Adelina alikuwa hatua nne kutoka kwake, mwiko mkononi.

"Mheshimiwa," Bwana Mipango akasema, "kwa mujibu wa mwongozo, eneo hili lina wenyewe."

"Lina wenyewe," Adelina akasema kwa sauti. "Na nimekuambia mara saba."

Bwana Mipango akamgeukia bila hasira yoyote, kama mtu anayemweleza mtoto jambo jepesi. "Dada, hukuwa kwenye mfumo."

Nimewahi kuona watu wakidharauliwa kwa kelele, kwa ngumi, kwa sheria. Huyu alidharauliwa kwa upole, siku aliyoshinda. Mgeni rasmi alitaka aonyeshwe. Adelina akampa shangazi mwiko, akatangulia, na mgeni rasmi akafuata na viatu vyake virefu vikizama kwenye udongo. Bwana Mipango alifuata nyuma ameinua simu, akiyahakiki makaburi kwenye kioo wakati yapo miguuni pake.

Asubuhi yake alikuja mfanyakazi na kopo la rangi nyeupe, akazifunika zile X. Maegesho yamehamishiwa upande wa chini. Wenyeji walimwambia Bwana Mipango kwamba upande ule masika huwa ni maji matupu. Naye akawajibu kwamba kwenye ramani ni pakavu.

Kurudi

Nilikwenda kumuaga Adelina kabla hatujaondoka. Nilitarajia asante, msinicheke, nilitarajia japo kidogo. Alikuwa anapindua samaki kwenye chanja, na alinifungia samaki watatu aina ya kitoga kwenye gazeti, chakula cha njiani kama anavyofungiwa mgeni yeyote. Nikaanza kuomba radhi tena. Akanikatisha.

"Mwalimu, mwongozo wako una vituo vingapi?"

"Tisa."

"Vyote ulikwenda?"

"Sikwenda hata kimoja. Niliandika nyumbani."

Akapindua samaki mwingine. "Na ile ya kwamba hajabaki mtu, umeiandika wapi pengine?"

Nilijaribu kukumbuka kurasa zangu. Nilizihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, asione.

"Mara nne," nikasema.

Adelina aliweka koleo chini, akafungua lile gazeti, akaongeza samaki wengine wanne, mmoja kwa kila safari iliyonibakia, akalifunga upya.